Duara Nililoliacha Wazi

Sauti ile ilikuwa ya mrija uliofika chini ya chungu: mkoromo mfupi wa hewa na maji, kama koo linalojaribu kumeza kisichokuwapo. Nilikuwa nimeizoea tangu utotoni. Kilichonishtua hakikuwa sauti yenyewe bali saa yake na upweke wake. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mama ameshatangulia kanisani, na nyumbani kwetu Uganda, nje kidogo ya Mukuju, hapakuwa na kikao chochote.

Ajono, pombe yetu ya nafaka ya wimbi, hunywewa kwa kuzunguka chungu kimoja. Kila mtu huja na mrija wake mrefu, na mwenye nyumba huongeza maji ya moto kadiri chungu kinavyopungua. Mrija mmoja ukikoroma, wengine hucheka na kuita maji. Kunywa chunguni peke yako ni jambo ambalo sikuwahi kuliona. Hata baba, aliyeuawa na pombe, alikunywa akiwa na watu.

Nilizunguka jiko. Kaka yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu cha jana, machicha yamepoa, akivuta kwa mrija wa baba.

"Wewe dada, mbona unasimama hapo kama polisi ya mpaka?" alisema bila kugeuka. "Unataka pasipoti?"

"Unakunywa na nani?"

"Na mzee." Akauinua mrija juu kidogo. "Daktari ya vitabu, hii pia utaandika?"

Nilicheka, kwa sababu amenizoesha kucheka tangu tukiwa wadogo. Kisha nikaona mkono ulioshika mrija ukitetemeka, na nikaona jinsi ulivyotulia baada ya mvuto wa tatu.

Wakati huo nilikuwa katika masomo ya uzamili, nikitafiti namna urithi wa jeni na hulka za mtu zinavyohusiana na uraibu wa pombe. Nilihoji familia za Busia, pande zote mbili za mpaka. Kwa kila familia nilichora mti wa ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na aliyezidiwa na pombe nilimjaza wino. Nyuma ya daftari nilikuwa nimeuchora ukoo wetu pia, kwa penseli. Babu, mweusi. Baba, mweusi. Shangazi mmoja, mweusi. Mraba wa kaka na duara langu niliviacha wazi. Jumapili ile, kabla mama hajarudi kutoka ibadani, niliujaza mraba wa kaka. Nilikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Jambo moja halikunipa raha. Vitabu vyangu vilisema kwamba watu wenye pupa, wanaotenda kwanza na kufikiri baadaye, huelekea zaidi kwenye uraibu. Kaka yangu hakuwa na pupa hata chembe. Alikuwa karani wa wakala wa forodha, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hati za lori zinalingana na mzigo, mstari kwa mstari. Hakucheza kamari. Hakupanda bodaboda bila kofia. Basi juma lile nilimfuata Busia, tukaketi kwenye kibanda cha chai karibu na maegesho ya malori, nikaanza kumpenyezea maswali ya dodoso langu kana kwamba ni mazungumzo.

Alijibu matatu, akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni karatasi yako ya shule. Uliza tu vizuri, mimi si mtu ya kuogopa swali."

"Kwa nini unakunywa?"

Alinyoosha kidole kuelekea malori. "Kichwa yangu haifungi. Nafunga ofisi, nafika nyumbani, kichwa bado inasoma hati. Ile ya jana, ile ya mwaka jana. Nikikunywa, inanyamaza."

Ndivyo kilivyo kichwa changu. Ndivyo kilivyokuwa cha baba pia, aliyeweza kuamka mara tatu kuangalia kama ng'ombe wamefungwa. Dodoso langu lilikuwa na ukurasa mzima juu ya watu wa namna hii, wenye wasiwasi usiolala, na mimi nilikuwa nimeupita nikitafuta wenye pupa. Sikumwambia kaka kuhusu chupa ndogo ya pombe kali niliyokuwa nikinunua upande wa Kenya kila nilipovuka kwa mahojiano, kifuniko kimoja kwenye chai ili usingizi uje. Badala yake nilimweleza utafiti. Nilisema kwamba sehemu kubwa ya jambo hili hutoka katika damu.

"Kumbe!" Alipiga meza kwa kiganja, karibu kwa furaha. "Basi kesi imekwisha. Mzee amenihukumu kabla sijazaliwa, na nyinyi mnanisumbua bure."

Nilijaribu kurekebisha. Nilisema kwamba jeni ni nyingi na kila moja huongeza kidogo tu, kwamba tunachorithi ni mwelekeo na si hukumu, kwamba wapo waliozaliwa na urithi uleule na hawakufika huko. Yote ni kweli, lakini alikuwa ameshasikia sentensi aliyoihitaji, na mimi ndiye niliyempa.

Kosa la pili lilitokana na la kwanza. Kwa kutaka kumthibitishia kwamba damu haihukumu, nilimwambia mama jinsi anavyokunywa, ili tumsaidie kuacha. Jumamosi mama aliwaita akina mama wa maombi. Mrija wa baba ulivunjwa vipande vitatu na kutupwa motoni, na kaka, machozi yakimtiririka, akaapa mbele yetu sote kwamba hataonja tena. Tuliimba. Mimi niliimba kwa sauti kuliko wote. Aliomba ruhusa kazini, akabaki nyumbani.

Jumatatu alimwaga chai. Tuliona ni jambo dogo. Jumanne hakulala, shati lake lililowa jasho, na mama alisema ni malaria. Jumatano mchana nilimkuta ameketi kitandani akipanga karatasi zisizokuwapo.

"Hii haina muhuri," alimwambia mtu aliyesimama pembeni yangu. Hapakuwa na mtu. "Mzee, rudi nyuma kwa foleni."

Ndipo nikakumbuka aya niliyoiandika kwa mkono wangu katika sura ya pili ya tasnifu: kwamba mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafla bila uangalizi wa tabibu, anaweza kupata degedege na kufa. Niliandika, nikahariri, nikasahihisha hata mkato wake. Kisha nikasimama kando ya moto nikiimba.

Akina mama walikuwa wamerudi. Walisema pepo linatoka, nisiliingilie. Niliposema apelekwe hospitali, mama alinivuta hadi kwenye jiko.

"Mwanangu, usitoe jambo letu nje. Kesho atakuwa sawa. Baba yako tulimsitiri mpaka mwisho."

"Ndiyo, mama. Mpaka mwisho."

Nilijuta palepale kwa namna nilivyosema. Alikaa juu ya kigoda, akajifunika uso kwa leso.

Namba ya kupigia niliijua kwa moyo. Ilikuwa chini ya kila fomu ya ridhaa niliyowapa washiriki wangu: muuguzi mshauri wa Tororo, apigiwe iwapo mahojiano yatamsumbua mtu. Nilikuwa nimeisoma kwa sauti katika nyumba za watu mara nyingi. Yeye alinijua kama mtafiti, mwenye kalamu. Nilisimama uani nikipima jinsi ya kuanza, nikapanga sentensi, nikaifuta, nikapanga nyingine. Ndani, kitanda kiligonga ukuta, mara moja, kisha tena na tena kwa haraka. Nikapiga.

"Sista, ni mimi, yule wa utafiti."

"Mtafiti wetu! Mshiriki wako ana shida?"

"Si mshiriki. Ni kaka yangu. Aliacha pombe Jumamosi. Anatetemeka mwili mzima sasa hivi."

Sauti yake ilibadilika. Mgeuze alale ubavu. Ondoa kila kitu kilicho karibu. Usimtie chochote mdomoni. Nikamwita mama, na mama akaingia mbio, akamgeuza mwanawe. Sista alisema anatuma gari la wagonjwa, nisikate simu. Kishindo ukutani kilipungua, kikakoma. Mama alisema kwa sauti kwamba anapumua, nikarudia maneno hayo kwenye simu.

"Vizuri. Gari limetoka. Nahitaji historia kwa ajili ya daktari. Katika familia, nani mwingine amewahi kusumbuliwa na pombe?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, neno kwa neno.

"Babu," nilisema. "Baba. Shangazi mmoja."

Nilisikia kalamu yake ikiandika, kisha ikasimama.

"Na wewe, dada?"

Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona mama kitandani, kichwa cha kaka mapajani mwake, akinitazama.

"Na mimi," nilisema. "Niandike na mimi."