Zinki ya Namegabe Isiyong'aa

Tangu Machi 1968, karakana ya Adolphe katika mtaa wa viwanda wa Bujumbura iko kimya. Kabla ya hapo mashine ya umeme ilivuma humo kutwa, mvumo mzito ulioingia hadi kwenye meno. Wapakiaji wa maghala ya jirani waliuzoea kiasi kwamba uliponyamaza walisema wanasikia masikio yao wenyewe.

Mwenye mvumo huo alikuwa Namegabe, mtu wa Bukavu, ambaye wengi walimwita Baba Odette kwa jina la bintiye. Kazi yake ilikuwa kuvika chuma zinki. Alichemsha bolti na minyororo katika maji ya soda hadi grisi yote ikatoka, akavichovya katika asidi, akavisuuza, kisha akavining'iniza kwa waya wa shaba ndani ya tangi, katikati ya mabamba ya zinki, na kufungulia umeme. Chuma kilitoka kimevaa ngozi ya kijivu, iliyofifia kama ziwa asubuhi ya mvua. Kutu ingelazimika kuimaliza ngozi hiyo kwanza kabla ya kukigusa chuma.

Adolphe, aliyeachiwa karakana na Mbelgiji mmoja baada ya uhuru, alichoka na gharama ya tangi hilo. Alitaka kurudia rangi nyekundu ya kupaka kwa brashi. Alimpa Namegabe nafasi moja: bolti, bawaba na minyororo ya boti ya Mzee Seifu, iliyobeba mizigo kwenda Kigoma. Vikimaliza msimu wa mvua bila kutu, tangi litabaki. Vikishindwa, litauzwa.

Namegabe alivikabidhi Oktoba, akawaonya mabaharia wasivishike kwa mikono yenye jasho kabla ya kuvifunga. Alionya juu ya vidole tu.

Mwisho wa Februari Seifu alimwaga bolti nyekundu kwa kutu kwenye sakafu ya karakana, akaondoka bila kuaga.

Namegabe alikwenda bandarini siku hiyo hiyo. Juu ya boti alimkuta Aloys, baharia wa Seifu, amechuchumaa mbele ya bawaba, akiisugua kwa mchanga, majivu na kipande cha gunia, kama mama asuguavyo sufuria.

“Unafanya nini, Aloys?”

“Mi nasafisha, Baba Odette. Kila posho. Kazi yako ilikuwa inafifia sawa mutu mugonjwa. Sasa angalia, inaanza kuangaza.”

Namegabe aliketi juu ya kamba iliyokunjwa. Posho kwa Aloys ilikuwa Jumamosi: miezi minne ya Jumamosi. Alikuwa amewaza mvua, mawimbi na jasho la vidole. Hakuwaza kwamba mtu angeikwangua ngozi ile ya zinki kwa bidii na kujisifu.

Alimfuata Seifu ofisini kwa wakala wa mizigo, akamweleza polepole kwamba kijivu kile ndicho kinga, na kwamba walikuwa wakikitupa ziwani.

“We unataka niingie Kigoma na boti ya kijivu sawa sufuria ya mujane?” Seifu alisema. “Chuma ya mupya inaangaza. Na kama dawa yako inaogopa muchanga, mvua itaiweza namna gani?”

Watu waliokuwepo walicheka. Namegabe alirudi botini, akafungua bolti moja chini ya sitaha, pahali ambapo mkono wa Aloys haukufika. Ilikuwa ya kijivu, safi. Akaiweka mezani kwa Adolphe, kando ya moja ya zile zenye kutu.

Adolphe alizigeuza zote mbili mkononi.

“Una haki, Baba Odette,” akasema. “Zinki yako haina kosa. Lakini nani atasimama juu ya kila boti kukataza watu kusafisha? Fanya iangaze, ao tuache.”

Kwa juma zima Namegabe alijaribu kuing'arisha zinki kwa kitambaa. Kila ilipong'aa, ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba. Jumatatu iliyofuata alimwambia Adolphe kwamba hataki kuuza mng'ao usiolinda kitu, akazima mashine kwa mkono wake. Tangi lilinunuliwa na mtengeneza ngozi.

Namegabe sasa yuko Uvira, nyumbani kwa binti yake Odette, na anapaka rangi milango ya mbao.