Mkono wa Shemeji

Kazi ya Kucha ilikuwa kuning'inia. Miaka kumi na tisa kwenye machimbo ya mawe alipanda ukuta wa mwamba na mtaimbo mgongoni, akibomoa mawe yaliyolegea yasije yakawaponda wenzake. Chini, kamba yake ilishikwa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Mwezi ule kamba ilichomoka kwenye breki mara mbili. Mara ya pili Kucha alibamizwa mwambani, akatema jino.

Jumamosi wakaenda dukani kuchagua breki mpya ya kamba, kile chuma anachoshika mtu wa chini ili aliye juu asianguke. Muuzaji akaweka mbili kwenye kaunta. Ya kwanza, kama waliyoizoea, ilitegemea mkono wa mshikaji. Ya pili ilikuwa na kibano ndani. Kamba ikivutwa ghafla, inakabwa.

"Naitaka hii yenye kibano," Kucha akasema.

"Yaani mkono wangu huuamini?"

"Jino langu liko wapi, shem?"

"Uliteleza mwenyewe! Umenenepa kama gunia, halafu unalaumu kamba!"

Kucha akamtandika kofi. Shemeji akarusha ngumi, ikamkosa, ikapasua kioo cha kabati. Wakaanguka katikati ya vigae vya kioo na kofia za kazi, wakipigana vichwa na magoti, damu ikichirizika sakafuni.

"Wazee, jamani, aibu!" muuzaji akalia.

Shemeji akampanda kifuani, akamkaba koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Hapo Kucha akajua. Vidole vya kushoto vilizama kama misumari. Vya kulia vililala tu shingoni, baridi, havina nguvu hata ya kumkaba kifaranga.

Akaacha kupigana. "Mkono wa kulia umekufa," akakoroma.

Shemeji akamwachia, akakaa chini kama mzigo uliotuliwa.

"Tangu lini?"

"Miezi minne. Ningesema, ningekula nini?"

"Na bado ukanishikia kamba?"

Kucha akainuka, akamshushia ngumi moja ya mdomo, ya kutoka moyoni kabisa. Mdomo ukachanika. Kisha akamshika kwapa, akamwinua.

"Mnachukua ipi?" muuzaji akauliza, kajibanza nyuma ya kaunta.

"Yenye kibano. Ila nayo inataka mkono wa mtu. Kamba atashika dada yako, shem."

Shemeji akacheka, damu ikimtoka. "Yule? Si jana kakulaza sebuleni? Atakuachia makusudi!"

"Afadhali yeye. Akiniachia, nitajua kosa langu."