Rupia ya Mdachi Kwenye Kitovu cha Kariuki

Enzi zetu kitovu kizuri kilitengenezwa, hakikuja chenyewe. Mtoto akizaliwa na kitovu kimetokeza nje kama kidole, hakuna aliyekimbilia hospitali. Alipelekwa kwa Cucu, yaani nyanya, mama ya baba yangu, naye akafungua kifundo cha shuka lake, akatoa sarafu kubwa ya fedha, akaipaka mafuta ya mbarika, akaibandika juu ya kitovu na kuifunga kwa kitambaa kuzunguka tumbo. Miezi miwili, mitatu, kitovu kinaingia ndani na sarafu inarudi kwa Cucu. Wenzangu wa rika, hebu jifunueni blauzi mjiangalie. Hapo mnapojivunia palikaliwa na pesa ya mtu.

Guka, mume wa Cucu, alirudi na hiyo sarafu kutoka vita ya Wajerumani, alikoenda kuwabebea Waingereza mizigo. Cucu aliiita tu "ile ya vita", na kwetu hakuna aliyejua ilitengenezwa wapi. Upande mmoja kulikuwa na mwanamume wa masharubu, kavaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua ndege mkubwa. Upande wa pili kulikuwa na simba na mti, nasi tukasema ni mgomba, maana mti mwingine wa namna hiyo hatukuwa tumeuona. Ilimlalia Wahome wa Ndirangu, ikamlalia Gathoni wa Muriuki, mapacha wa Wamuyu mmoja baada ya mwingine, na Kinoti, mtoto wa yule Mmeru wa trekta. Nawakumbuka wote. Wengi wao sasa wako chini ya udongo.

Tulikuwa tunakaa Timau, kwenye shamba la ngano la mzungu, baba akichunga kondoo wake. Baridi ya mlima ilikuwa inatuamsha kabla ya jogoo. Ngano ikishavunwa tuliachiwa watoto tuokote masalio, na tulitafuna punje mbichi mpaka zikawa utomvu mdomoni, unavuta hivi, unarudisha. Vijana wa leo wananunua chingamu dukani na kubandika chini ya kiti. Sisi yetu ilikuwa inaota, na ikiisha ladha unaimeza, kwa sababu chajio kilikuwa mbali.

Kisha Maitu, mama yetu, akamzaa ndugu yetu Kariuki, kitovu kama pilipili. Cucu akamfunga, na kazi ya kumbeba ikawa ya dada yangu Nyambura. Yeye alikuwa na miaka kumi, mimi saba. Asubuhi alienda shule, mchana alikuwa na Kariuki mgongoni. Mimi shule nilikuwa bado, kwa sababu baba alisema karo yake inatosha msichana mmoja tu, na huyo mmoja ni Nyambura, maana alikuwa na kichwa chepesi.

Siku moja Nyambura akaniambia, "Wanjiru, kaa na mtoto nichote maji. Usimwondolee macho." Akamlaza kwenye gunia. Upepo ulikuwa unatoka upande wa dukani, kwa Bwana Abdalla, yule mfanyabiashara wa ng'ombe aliyetoka Nanyuki, na mke wake alikuwa anakaanga mandazi ya iliki. Mimi mandazi nilikuwa nimeyanusa tu, kuonja sijawahi. Nikafungua kitambaa cha Kariuki, nikachukua ile ya vita, nikakimbia.

"Mandazi mawili," nikasema.

Bwana Abdalla akaigeuza sarafu, akaigonga kwenye jiwe la mizani, akaisikiliza. Kisha akacheka. "Binti, hii rupia ya Mdachi, Mjerumani. Ya Tanganyika ile ya zamani. Huyu wa kofia ya tai ndiye mfalme wao, naye hayupo tena. Hapa kwangu hainunui hata njugu. Nani kakupa?"

"Nimetumwa."

"Basi mwambie aliyekutuma aitunze. Ni fedha tupu hii."

Nikarudi mbio nikamfunga Kariuki vile nilivyojua, na nilivyojua ni kufunga mwanasesere wa gunzi. Nyambura akaja, akambeba, hakuona kitu.

Siku ya tatu Kariuki akaanza kukohoa. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu haukuondoka hata mchana. Wiki haikuisha, akatuacha. Wanawake walipomwosha wakakuta sarafu imezunguka, iko mgongoni.

"Upepo umeingilia kitovuni," Cucu akasema. Macho yote yakaenda kwa Nyambura. "Wewe ndiye ulikuwa unambeba. Ulikuwa unaruka kamba naye?"

"Cucu, sikuifungua. Haki ya Mungu sikuifungua."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mdomo nilikuwa nao. Sikuufungua.

Baba hakumpiga. Alisema tu, "Msichana ameshindwa kuchunga kitovu, kitabu atachunga?" Muhula ulipoanza, Nyambura akatumwa kwa kondoo na mimi nikapelekwa shule. Nilivaa sare yake, ikakunjwa pindo mara mbili. Nilichukua na kibao chake cha kuandikia. Nilifika darasa la nne. Hizi herufi ninazoandika hapa, msinisifu, ni zake.

Cucu hakumfunga mtoto mwingine tena. Sarafu ikaishia kwa kaka yetu Gathogo, aliyependa kuweka pesa kuukuu kwenye mkebe wa kakao: zile za tundu katikati, zile za kichwa cha mfalme. Mwaka jana tukamzika, na mkebe ukaletwa kwangu hapa Nyeri. Mjukuu wangu Wangechi, anayesomea uuguzi, akazimwaga mezani na kuanza kupiga picha moja moja, ati simu itamwambia ni za nini.

"Cucu, hii nayo ya wapi? Hii simu iko slo leo."

"Ni rupia ya Mdachi," mdomo wangu ukasema.

Simu ikafikiri, ikafikiri, ikasema vile vile: Ujerumani, fedha, Tanganyika ya zamani. Wangechi akaiweka chini. "Ai, Cucu! Si hii ndiyo ile ya vitovu, huwa unasema hakuna mtu kwenu aliijua? Nani alikuambia?"

Nikamweleza yote, nikiangalia kitambaa cha meza. Akanishika mkono. "Cucu, hiyo koini haikuwa inafanya kitu. Kitovu hujifunga chenyewe. Huyo mtoto alikuwa na nimonia tu. Si makosa yako."

Alitaka kunipoza, mtoto mzuri. Lakini miaka hii yote nilijua Nyambura aliadhibiwa kwa kosa langu. Sasa nikaambiwa kosa lenyewe halikuwepo, na adhabu ilikuwepo.

Wiki iliyofuata nikaenda Kutus, alikoolewa Nyambura. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nilimwambia kabla sijakaa, kwa sababu ningekaa ningenyamaza tena. Ungo ukasimama.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Maitu alikufa akijua ni mimi."

"Ndiyo."

"Na hayo mandazi, uliyala?"

"Alikataa kunipa."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akanyoosha mkono, nikampa sarafu. Akapitisha kidole polepole kwenye yale maandishi yanayozunguka kichwa cha mfalme. Kisha akanirudishia. "Nisomee."

Nikavaa miwani. Herufi nilizijua moja moja, maneno hayakuwa ya kwetu. "Siwezi, Nyambura. Ni lugha yao."

"Basi shule yangu ulienda kufanya nini?"

Hakunifukuza. Aliinua ungo wake akaendelea, na chai haikuja.

Siku hizi wasichana wawili wa nyumba moja wanaenda shule, hata watano, na hakuna anayevaa sare ya mwingine. Wakikosana asubuhi, wanatumiana kwa simu kale kauso kanakolia, na jioni wanakula sahani moja. Tunawacheka, tunasema ni watoto wa maziwa ya pakiti. Sisi tulilelewa tumeze kila kitu, na tulimeza vizuri.

Nimempigia Nyambura mara tatu. Anayeshika simu ni mjukuu wake, anasema, "Cucu ameenda shamba." Nyambura ana magoti mabovu, hajakanyaga shamba tangu mvua za mwaka juzi. Namwambia mtoto asante, mwambie Wanjiru alipiga.