Mkwe Hali kwa Mama Mkwe

Hoteli yangu iko Busia, upande wa Uganda, mkabala na paki ya malori, na sioni haya kusema kwamba hakuna anayepika samaki wa ngege kunishinda. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja kutoka Tororo na sufuria mbili na maneno mengi, alikuwa akiuza mchuzi ambao mtu angeweza kuoshea miguu. Mwenyewe alikuwa mtu mzuri. Mchuzi ndio haukuwa mzuri.

Kwa hiyo wateja walikuwa wangu, hasa vijana wanaopakia na kushusha mizigo ya malori. Nilidhani wanafuata samaki, na ujinga huo nilikaa nao miaka. Ukweli ni kwamba mwenyekiti wao alipenda kula kwangu, na ndiye aliyegawa kazi, na aliigawa palepale mezani huku akimumunya vichwa vya samaki: wewe lori la saruji, wewe la mahindi. Aliyekula kwingine alisahauliwa. Hata mwenye kuumwa na tumbo alikuja akaketi mbele ya sahani.

Kisha mwenyekiti akampenda binti yangu aliyekuwa akiosha sahani hizo.

Sikukataa. Kijana ana bidii, ukoo wake tunaujua, Wasamia wenzetu wa kule Lumino. Ng'ombe walikuja, shangazi zake walikuja, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Jumatatu nikawasha moto, nikapika sufuria kubwa ya samaki na ya posho, ugali wetu, nikangoja. Saa saba mchana walikuwepo nzi na fundi wa viatu.

Nilikuwa nimesahau, mimi mtu mzima, kwamba kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Haruhusiwi hata kunipa mkono. Akiniona njiani anakata kona. Nilimkaribisha nyumbani kama mkwe nikamfukuza hotelini kama mteja. Vijana wake wote wakamfuata ng'ambo, wakanywa ule mchuzi kwa nidhamu kubwa.

Nilijaribu pazia. Nilitundika shuka katikati ya hoteli ili yeye aketi upande wa mlango, mimi nibaki jikoni, tusionane. Alikuja, akala nusu sahani. Moshi ukanishika, nikakohoa. Alitoka mbio na tonge mkononi, akaparamia benchi, na paki yote ikapata cha kucheka. Hakurudi tena.

Nikaanza kupika kwa sufuria ndogo. Kisha nikamwambia mwenye nyumba kwamba huenda mwezi ule ungekuwa wa mwisho. Iliniuma sana. Hoteli ile ndiyo iliyowasomesha binti zangu wawili, na hakuna kilichoniangusha isipokuwa harusi niliyoishangilia mwenyewe.

Asubuhi moja binti yangu akarudi na begi.

"Anasema mchuzi wangu si kama wako," akaniambia, "na ule anaokula mchana unamharibia tumbo. Nimemwambia basi aje akuoe wewe."

Habari ilivuka barabara kabla hajaweka begi chini. Mara wakaja vijana watatu wa mizigo, wamevua kofia kama watu wa matanga.

"Mama, pole sana," mmoja akasema. "Sisi nasikia binti imerudi."

"Amerudi."

"Imerudi kabisa?"

"Kwa nini unauliza?"

Akachungulia jikoni. "Hapana, Mama. Naomba tu kujua. Na samaki iko?"

Kusema kweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Ndoa ikivunjika hakuna mkwe, na bila mkwe meza zinajaa kesho yake. Nikageuka kumjibu, nikamwona binti yangu ameinama juu ya karai, ameanza kuosha sahani bila kuambiwa, machozi yanadondokea povu. Nilijionea aibu. Kisha nikawakasirikia wao, maana hasira ni rahisi zaidi.

"Tokeni! Mnataka kula ndoa ya mtoto wangu na posho?"

Walipotokomea, nikajitwisha sufuria ya samaki, nikavuka barabara. Jirani aliponiona alishika mchi, akidhani nimekuja kupigana.

"Jirani, biashara haigombi," nikamwambia. "Mimi nitapika, wewe utauza. Tugawane."

Akaonja, akaonja tena. "Na mchuzi yangu napeleka wapi?"

"Mwaga."

Mila yetu haina ugomvi na chakula changu. Hata mkwe akija nyumbani mimi ndiye ninayempikia. Kinachokatazwa ni kumtazama akitafuna. Mchana ule mkwe wangu alikula kwa jirani, kaipa barabara mgongo, akaongeza sahani. Jioni akamtuma shangazi yake aje kumwombea msamaha kwa mkewe. Binti yangu alimwacha shangazi wa watu aongee mpaka akachoka, ndipo akachukua begi.

Siku hizi sufuria yangu huvuka alfajiri, paki ikiwa bado imelala, na vijana wanamsifu jirani kwamba hatimaye amejifunza kupika, naye anaitikia asante bila hata kupepesa macho. Mimi nameza. Mwenye nyumba bado ananiona na kodi yake kila mwezi.

Juzi binti yangu mdogo alikuwa akizungukazunguka jikoni, ana jambo. Akasema kuna kijana, dereva wa lori, anataka kutuma wazee. Akina mama wengine wangeuliza ukoo, wangeuliza dini.

"Mchana anakula wapi?" nikamuuliza.

"Kwa jirani."

"Basi, waje."