Mshenga wa Karanga na Ukucha wa Kuhesabia

Saa kumi na moja kasorobo alasiri. Ndani ya nyumba ya wavu joto limekaa kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa, na mwanamke wa miaka hamsini na sita ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mbele ya kopo lenye shina moja la karanga. Mkono wa kulia umeshika kibano chembamba, kama cha kutolea miba. Wa kushoto umekaa wazi, kidole gumba kikitazama juu.

Anapasua tumba la ua ambalo lingechanua kesho alfajiri. Anachomoa vifuko vyenye unga wa kiume, kimoja kimoja, kila kimoja kadiri ya yai la chawa, na kila anachokichomoa anakilaza juu ya ukucha wa gumba. Lazima vitimie vinane. Vikitimia, hufunga uzi mwekundu kwenye ua: huyu ameshaandaliwa, kesho aletewe mume.

Leo hafungi. Anainua gumba kumwelekea mtafiti mkuu, mwanamke wa umri wa kuwa bintiye, ambaye kituo kizima humwita Daktari.

"Nihesabie, mwanangu."

Daktari anainama na lenzi. Anahesabu, anarudia.

"Saba, mama."

"Mimi naona vinane."

"Ni saba."

Kibano kinarudi ndani ya ua. Kifuko cha nane kinapatikana kimejibanza nyuma, kimenona, kinangoja watu waende zao kipasuke.

Katika kituo hiki cha utafiti wa mbegu anaitwa Mshenga. Jina alipewa na akina mama wanaopalilia, kwa sababu alasiri anahasi na asubuhi anaozesha. Amefanya kazi hii miaka kumi na tisa, misimu miwili kwa mwaka, akilipwa kwa siku kama kibarua. Kwa hesabu yake mwenyewe ameshafunga ndoa elfu thelathini.

"Na hakuna bibi harusi hata mmoja aliyenirudia kulalamika," anasema. "Wewe mtafute mshenga mwingine wa hivyo."

Utani huu una kazi ngumu nyuma yake. Ua la karanga halihitaji mgeni. Lina kiume na kike humo humo, na humaliza mambo yake kabla jua halijatoka. Likishatunga mimba hujificha: maua huchanua juu, hadharani, kisha kijiti chembamba huinama, kikajichoma ardhini na kuzaa huko gizani. Wasomaji wenye jirani wa tabia hiyo wasimtaje.

Kwa hiyo, ukitaka kuchanganya karanga mbili, huna budi kuwahi. Uondoe vifuko vyote vinane jioni, na alfajiri umpake mama unga wa baba unayemtaka wewe. Ukisahau kifuko kimoja tu, mama anajizalia mwenyewe. Punje zitatoka nzuri, zenye afya, zimefanana naye ukucha kwa kope, na baba hayumo kabisa.

Hilo ndilo lililotokea msimu uliopita. Miche tisini na sita ya nyuzi nyekundu ilichumwa majani, yakapelekwa maabara kupimwa nasaba. Miche thelathini na nane haikuwa na baba. Kila mchanganyaji ana rangi yake ya uzi, na nyekundu ni ya Mshenga peke yake. Bwana wa meza ya pili, mwenye nyuzi za buluu, alikutwa na mitatu.

Mshenga alisema mashine nayo huugua. Akasema tena labda majani yalichanganywa njiani. Daktari hakubishana naye. Alimpa msimu mmoja zaidi: maua arobaini, na kila ua likaguliwe na jicho la pili kabla ya uzi kufungwa. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kosa liko mkononi au liko machoni. Mkono ukichoka hupumzishwa. Jicho ni habari nyingine, maana kibarua hana bima, na meza ile haiwezi kukaa tupu.

Ukimtazama kwa karibu, mboni ya jicho lake la kulia ina wingu, kama maji yaliyooshewa mchele. Ni mtoto wa jicho. Amekaa naye miaka miwili bila kumwambia mtu. Taa za barabarani anaziona pacha. Na pale juu ya ukucha, vifuko saba huwa vinane, kwa sababu kimoja kina kivuli chake.

"Nilikuwa nahesabu kivuli," anasema. "Naye kivuli hakuwahi kunikatalia."

Kwa nini hakusema mapema? Hapo Mshenga anaweka kibano chini, na utani unakaa pembeni.

Kabla ya kituo, alifanya kazi miaka sita kwenye ghala la karanga, mchambuaji. Wanawake arobaini walikaa sakafuni mbele ya malundo, wakitenga nzuri na mbovu: zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye vumbi la kijani. Nzuri zilikwenda sokoni. Mbovu, kila Jumamosi, mwenye ghala aliwaachia wachukue, ndoo moja kila mtu, bure. Walimwombea dua.

Nyumbani alizikaanga vizuri mpaka harufu ya ukungu ikaisha. Akazitwanga, akatia kwenye mboga, kwenye uji. Mumewe, mlinzi wa lango la shule, alibeba nyingine mfukoni za kutafuna zamu nzima. Majirani walimwambia ana bahati, mke anarudi na ndoo.

Mwaka wa saba tumbo la mume lilianza kujaa maji. Miguu ikakonda, tumbo likapanda. Macho yakageuka manjano, manjano ya ua la karanga. Alikaa kitandani wiki kumi na moja. Mwishoni alikuwa mwepesi kiasi kwamba Mshenga alimgeuza kwa mkono mmoja, mwanamume aliyekuwa akibeba milango ya mbao begani.

Kituoni aliingia akiwa mjane wa miezi mitano. Mwaka wa pili aliitwa kupanga viti kwenye mafunzo ya wakulima. Daktari wa wakati ule, mzee ambaye sasa amestaafu, aliinua sahani ya karanga zenye vumbi la kijani akaeleza habari za sumu kuvu: kwamba ukungu ule huacha sumu ndani ya punje, kwamba kukaanga hakuiondoi, kwamba mtu akila kidogo kidogo kwa miaka, sumu hukaa ikilifanyia kazi ini lake.

Mafunzo yalipoisha, Mshenga alikusanya viti. Kisha akatoka, akakaa nyuma ya tangi la maji mpaka wenzake wakamtafuta.

"Nilimlisha mwenyewe," anasema. "Kwa mikono hii. Akitaka kidogo namwongezea."

Anakiri kwamba hospitali haikuandika popote kuwa ni karanga. Ini lina maadui wengi, na marehemu hakuwa mtu wa kupita mlango wa kilabu bila kuusalimia. Lakini hata hilo halimsaidii. Alipomsimulia binti yake, ambaye sasa ana watoto wawili, binti aliendelea kukunja nguo. Halafu akauliza.

"Mama, na mimi je? Si nilikula?"

Ndiyo maana hakuiachia meza. Mseto anaoufunga sasa una mama ambaye kila mkulima anamtaka, mwenye punje nene, za kujaza gunia. Baba ni karanga duni, ndogo, yenye ganda gumu na mavuno ya kutia huruma. Sokoni hakuna anayeigeukia. Ila ukungu haumpendi. Wakimwagiwa vumbi lile la kijani kwa makusudi, wengine huoza, yeye hukaa kama hajaambiwa. Daktari anataka mtoto mwenye unene wa mama na ukaidi wa baba. Kutoka uzi mwekundu mpaka mfuko wa mkulima ni miaka minane, pengine kumi, na mwanzo ukiwa wa uongo, yote inayofuata ni kulea mtoto asiye wako.

Maua arobaini yalichukua majuma mawili. Mara kumi na moja Mshenga aliona vinane, lenzi ikaona saba. Jioni ya tatu tayari alishaacha kubishana. Alikuwa akiinua gumba tu, akitazama pembeni.

Miezi mitano baadaye, saa nne asubuhi, Daktari anaingia kwenye banda la kubambulia akiwa na karatasi ya maabara. Wapalilizi wamekaa chini ya paa wakinywa maji. Mshenga yuko pembeni, mikono juu ya magoti.

Maua yale yalitoa punje thelathini na tano, zikaota thelathini na nne. Daktari anasoma kwa sauti ya kawaida: miche thelathini na nne, na yote ina baba.

Akina mama wanapiga vigelegele. Mmoja anatania kwamba Mshenga sasa apewe cheti cha kufungisha ndoa za watu. Kelele ni nyingi, na katikati yake Mshenga na Daktari wanatazamana bila kucheka.

"Basi ni jicho," anasema Mshenga.

"Ni jicho, mama."

Mbegu imepona. Yeye hajapona. Mkono ulikuwa mzima siku zote, na karatasi safi ndiyo iliyomtoa mezani. Kuanzia Jumatatu meza yake inakwenda kwa mpalilizi mmoja mwenye macho ya mwewe, ambaye Mshenga mwenyewe amemfundisha kulaza vifuko ukuchani. Yeye amebakiziwa siku tatu kwa wiki, kubambua karanga za majaribio. Hospitali ya macho imemwambia kusafisha jicho moja ni ujira wa siku themanini. Kwa siku tatu kwa wiki, akiwa hali wala hapandi gari, ni zaidi ya nusu mwaka. Daktari amesema atawaandikia wakubwa kuhusu jambo hilo. Hakuahidi, na Mshenga hakumlazimisha aahidi.

Kubambua hakutaki macho. Vidole vyake vinaijua punje iliyosinyaa kabla hajaigeuza. Mbovu anazitupa kwenye debe, na saa nane debe linamwagwa shimoni na kutiwa moto. Wengine huwasha wakaondoka. Yeye hukaa ukingoni mpaka zimekuwa majivu. Anasema moshi wake unanukia vizuri mno, ndipo palipo na hatari, maana kuna mama wa jirani ambaye mara mbili amekuja na kibakuli akiomba kidogo tu, za watoto.

"Nikamwambia keti hapa na mimi, tuote moto," anasimulia. "Akaniona nina roho mbaya. Aende akaseme."

Anapoulizwa anataka nini baada ya hapa, anataja jicho kwanza, la kulia. Likifunguka, ataomba meza yake, na asipopewa atakaa pembeni ya yule mwenye macho ya mwewe amsumbue. Halafu anataja jambo la pili. Mbegu hiyo ikipita majaribio yote atakuwa anakaribia miaka sabini, na ameshamwomba Daktari kwa maneno, mbele ya wapalilizi.

"Za kwanza nipeni mimi," anasema. "Ndoo kila Jumamosi, mnihesabie miaka sita. Marehemu alikula sita, akisifia mapishi. Nikitoka mzima, ndipo wauziwe watu."

Na asipotoka?

Mshenga anapapasa mfuko wa gauni, anatoa kibano, anakifuta kwa ncha ya kanga.

"Basi Daktari ataanza upya. Hiki nitakuwa nimemwachia."