Fundi Pekupeku wa Msamala na gari lililokazwa likining'inia

Saa mbili na nusu asubuhi, Hironimus Luambano anavua viatu, anavipanga juu ya pipa la mafuta machafu, kisha anaingia kwenye gari la watu akiwa pekupeku. Baridi ya Songea mwezi huu wa Julai si ya kuchezea. Wenzake wamejikunyata ndani ya makoti na kofia za sufu, yeye anakanyaga breki ya chuma kwa nyayo tupu kama vile yuko nyumbani kwake anakanyaga jamvi.

"Nikivaa viatu, gari linanidanganya," anasema. "Mkono unasikia usukani tu. Mguu unasikia gari zima."

Hapa ni Msamala, kwenye gereji isiyo na mlango wala kibao. Ina mabati manane, benchi moja, na sakafu ya saruji ambayo Hironimus aliimwaga mwenyewe akiipima usawa kwa mpira wa maji, kama wafanyavyo wajenzi. Ole wako ukimwaga oili pale. Anaweza kukununia mpaka jioni.

Ana umri wa miaka 52, na mjini wengi hawajui hata jina lake. Ukimwambia bodaboda akupeleke kwa Fundi Pekupeku, umefika. Kwake huletwa magari yaliyowashinda wenyewe barabarani: linalovuta kushoto, linalotetemeka usukani, linalorandaranda kama mbuzi aliyekata kamba. Siku nzuri hupata shilingi elfu arobaini, siku mbaya elfu kumi, na siku nyingine hurudi kwa mkewe Rosemary na maneno matupu. Kwa miaka yote ya ufundi wake amekuwa na sentensi moja ya kujivunia: gari langu halirudi.

Leo limerudi.

Ni gari dogo jeupe la Kijapani, lililotumika, lililoshushwa chini na mmiliki wa kwanza huko Dar es Salaam mpaka kuku akitaka kupita uvunguni inabidi ainame. Mwenye gari sasa ni Muhsini Abdulhamid, miaka 29, mfanyabiashara wa vito kutoka Tunduru. Wiki tatu zilizopita Hironimus alilibadilishia bushi za mbele, akaliweka sawa, likaondoka limenyooka. Asubuhi hii Muhsini ameshuka nalo uso umemkunjamana.

Ila mwenye neno leo si Muhsini. Ni mama yake, Bi Subira, miaka 67, aliyeketi kwenye benchi, khanga mpaka kidevuni, amelipa gari kisogo.

"Shikamoo mama," Hironimus anamsalimia.

"Marahaba baba. Gari lako hilo silipandi tena."

Bi Subira alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kwanza lilifanyiwa upasuaji hospitali ya Peramiho wiki tatu zilizopita, na sasa, alhamdulillah, anaona hadi sindano. Jana alikuja kuangaliwa, akapangiwa tarehe ya jicho la pili, mwezi ujao. Lakini njiani kutoka Tunduru, mbele ya Namtumbo, walipita kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya kuwaamsha madereva. Gari likaruka kando lenyewe, likamkosa mwendesha baiskeli kwa urefu wa mkono.

"Nilimwona yule kijana wa baiskeli kwa jicho langu jipya," anasimulia. "Nikasema, loo, kumbe nimefunguliwa jicho nije kuona watu wakifa! Naenda nyumbani kwa basi, magoti yaumie yanavyoumia, na nikifika sitoki tena. Jicho moja linanitosha."

"Mama, basi saa zote hizo huliwezi," Muhsini anasema.

"Wallahi silipandi."

Muhsini anamgeukia fundi. Hana haja ya kueleza. Gari lisipoaminika, jicho la pili la mama yake halitatibiwa, basi.

Hironimus haanzi na spana. Anaanza na dereva. Anamwomba Muhsini aendeshe mpaka barabara ya lami na kurudi, yeye akikaa kiti cha nyuma, macho yake kwenye mikono ya kijana. Mkono wa kulia umeng'ang'ania usukani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Kila baada ya kona, anaurudisha usukani kwa nguvu.

"Haurudi wenyewe?" Hironimus anauliza.

"Haurudi. Mpaka niuvute."

Kisha wanabadilishana viti. Pekupeku inaingia kazini. Kwenye rasta za barabara hiyo ya lami, Hironimus anapunguza mwendo na kuulegeza usukani kidogo tu, na gari linajitupa kushoto. Anapita mara ya pili. Linajitupa tena. Anageuza, anarudi gereji.

Kwenye sakafu yake anafunga uzi wa kujengea pande zote mbili za gari, umekazwa kati ya ndoo za rangi zilizojaa mawe. Uzi ukishanyooka, gurudumu haliwezi kuficha uongo wake. Anamwambia fundi mwenzake, Sefu, akandamize pua ya gari kwa mikono miwili kisha aiachie. Gari linainama, linainuka. Kila likiinama, ncha ya gurudumu la mbele inausogelea uzi, upana wa ukucha mzima, na hakuna mtu aliyegusa usukani.

"Umeona?" anamwambia Muhsini. "Springi zilikatwa ili gari likae chini. Zikikatwa hivyo, ule mkono unaoshika gurudumu unakaa mshazari badala ya kulala. Gari likipiga tuta, mkono unasukuma gurudumu. Gari linajipindia lenyewe, wewe hujapinda. Hili nililiona mara ya kwanza, nikajiambia ni dogo. Lakini haliwezi kuwa kubwa hivi peke yake. Kuna kitu kingine."

Hicho kitu kingine anakitafuta kwa tochi na kioo kidogo cha kunyolea, amelala kifudifudi kwenye saruji ya baridi, kwa sababu uvunguni mwa gari hili mtu mzima haingii. Anakisogeza kioo. Anakisogeza tena. Halafu anatulia tuli, shavu sakafuni.

Bushi mpya, za wiki tatu tu, zimechanika.

Bushi ni raba iliyo kwenye maungio ya mguu wa gari, kazi yake ni kama ya gegedu kwenye goti. Za aina hii hukaa miaka. Sefu naye amechungulia, ameona, na anainama kumnong'oneza mwenzake, mnong'ono ambao gereji nzima inausikia.

"Mwambie ni spea feki. Nani atabisha?"

Kweli, hakuna ambaye angebisha. Nchi nzima inajua habari za spea feki. Wateja wameshazoea, hulalamika kidogo, hulaani dunia, wakanunua nyingine. Jina la fundi lingebaki safi, na ile sentensi ya gari langu halirudi ingeendelea kuwa kweli.

Hironimus anakaa juu ya tairi kuukuu. Anafuta kioo chake kwenye suruali, ingawa hakina vumbi.

"Muhsini," anasema, "raba hazikuwa feki. Nilizikosea mimi."

Anaeleza polepole, kama mtu anayeungama. Miaka thelathini na minne iliyopita, alipoanza kazi kwa kuosha spea kwa mafuta ya taa pale kwa marehemu Fundi Polikarp, amri ya kwanza aliyopewa ilikuwa hii: nati ya bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Ukiikaza wakati miguu inaning'inia juu ya jeki, raba inashikwa katika mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa, raba inabaki imesokotwa usiku na mchana, haipumziki. Inavuta usukani usirudi, na mwisho inachanika.

Fundi Polikarp ndiye aliyemfundisha pia kusikiliza kwa nyayo. Si kwa hekima yoyote, Hironimus anacheka akikumbuka. Wakati huo yeye alikuwa kijana asiye na viatu, akatumwa kujaribu pikapu ya mtu, akarudi akasema nati ya gurudumu la nyuma imelegea. Wakamcheka. Wakaangalia, imelegea.

"Amri ile nimeifuata maisha yangu yote," anasema. "Lakini gari hili likisimama chini, siingii. Nilijaribu, tumbo likagoma. Nikasema mara hii moja tu. Nikalikaza likining'inia. Nilijua, na nikafanya."

Muhsini anasimama ghafla. "Ulijua? Mama yangu alikuwa ndani, fundi! Mama yangu!"

"Alikuwa ndani," Hironimus anajibu. Hajitetei. Machozi yanamlengalenga, na hajisumbui kuyaficha. "Ningesikia habari mbaya zaidi leo, nisingeshika spana tena."

Sefu anajifanya anatafuta spana namba kumi na saba. Anayejibu ni Bi Subira, ambaye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi amegeuka kulitazama gari.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," anasema. "Huyu hakuficha. Muhsini, keti chini. Muulize dawa yake ni nini."

Dawa ni mbili. Ya kwanza, bushi nyingine mpya, shilingi elfu arobaini na nane, anazitoa Hironimus mfukoni mwake. Ya pili, springi zisizokatwa kutoka kwenye gari bovu kama hili, za kuliinua mpaka lilipokusudiwa kukaa. Hapo Muhsini anasahau hasira na kushika ugomvi mpya.

"Fundi, ukiliinua litakuwa kama gari la mwalimu mkuu! Tunduru nzima watanicheka."

"Wacha wacheke," mama yake anamkata. "Humo ndani nakaa kama nipo kwenye mkeka. Nikitaka kushuka mpaka nivutwe kama muhogo. Inua, baba."

Likainuliwa. Kazi ikachukua siku hiyo na asubuhi ya pili yake. Ilipofika zamu ya kukaza, Hironimus na Sefu walipanga vigogo vinne vya mkaratusi, vimekatwa sawa, wakaliweka gari juu yake tairi zote nne, likisimama kwa uzito wake wote huku uvungu ukiwa wazi. Hironimus aliingia kwa mgongo, akakaza. Magogo yalikuwapo siku zote nyuma ya gereji, yakisubiri kuwa kuni. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Aliyefanya jaribio la mwisho hakuwa yeye. Bi Subira alikuja mwenyewe, akakaa kiti cha mbele, akavua kandambili zake, akakanyaga sakafu ya gari pekupeku.

"Na mimi nisikie," alisema.

Kwenye rasta zilezile, alimwamuru fundi alegeze mikono. Gari likapita, taratatata, limenyooka. Walipofika mwisho, Bi Subira alinyoosha kidole nyuma.

"Geuza. Pita tena."

Walipita mara nne. Mara ya nne ndipo alipoachia mshikio wa mlango.

Saa tisa alasiri simu ya Hironimus ikaita. Alikuwa ameshaitazama mara nyingi, hata chai yake ilipoa. Muhsini alikuwa Namtumbo, amesimama kujaza mafuta, anazungumza kwa sauti ya chini.

"Kuna tatizo?" Hironimus aliuliza, moyo juu.

"Amelala, fundi. Toka tulipotoka Songea. Zile rasta tumezivuka, hajashtuka."

Hironimus alikata simu, akakaa. "Na mimi nikajisikia usingizi," anasema akicheka. "Usiku kucha nilikuwa sijalala."

Habari mjini hazina miguu lakini hutembea. Ilipofika Ijumaa, Msamala yote ilikuwa inajua kwamba Fundi Pekupeku amekosea, amekiri, amelipa. Alidhani wateja watakimbia. Siku iliyofuata yalikuja magari matatu, mawili yameshushwa.

Akaja na Mama Kunegunda Mapunda, mwenye kiwanja. Kwa miaka miwili Hironimus amemwomba ruhusa ya kuchimba shimo la gereji, lile ambalo fundi husimama ndani yake na gari likakaa juu kwa miguu yake. Kwa miaka miwili Mama Kunegunda amekataa, akihofia wajukuu zake watatumbukia.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisalimu mlangoni pasipo mlango.

"Milele, amina."

"Nimeyasikia. Chimba. Lakini liwe na mfuniko wa mbao na kufuli, na ufunguo mmoja nikae nao mimi."

Sasa uzi uleule wa kujengea umefungwa katikati ya sakafu aliyoipenda kama mtoto, ukionyesha urefu na upana wa mahali itakapovunjwa. Sefu ameshaazima sururu. Ukutani, kwa chaki, Hironimus ameandika tarehe moja tu, na si ya kuanza kuchimba. Ni ya Bi Subira kupita hapa akienda Peramiho.

"Nataka alikute shimo liko tayari," anasema, akichomeka miguu kwenye viatu vyake. "Akienda alione kwa jicho moja. Akirudi aliangalie kwa yote mawili."