Kiti cha Mlangoni mwa Maktaba

Adhuhuri ya Mji wa Kale ina usingizi wake. Madirisha hufungwa nusu, sauti za vyombo hukatika moja moja, na kivuli cha kila nyumba hujikunja chini ya ukuta kama paka. Saa hiyo ndiyo pekee iliyokuwa yangu. Mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa akijilaza na mwanangu ubavuni, nami navaa buibui natoka kwenda maktaba.

Nilimaliza kidato cha nne nikaolewa, mfululizo, bila hata kupumua katikati. Kisha chuo cha wauguzi kikaniita kwenye usaili, na usaili ulitaka biolojia. Kitabu changu kilikuwa cha shule, nilikirudisha. Maktaba walikuwa nacho, nilisikia.

Nasema nilisikia kwa sababu maktaba yenyewe haikumwambia mtu kitu. Kibao chake cha mshale kilisimikwa Kizingo, ambako watu wanapita na magari na vitabu wanavyo nyumbani. Makadara, ambako watu wanauliza njia, hapakuwa na hata kipande cha bati. Mmoja akaniambia, "Pita duka la majora ya vitambaa, ukisikia harufu ya viazi karai kata kulia." Mwingine akasema pale ni pa wanaume. Wa tatu akasema ukiwa na mtoto hawatakukubali. Nikafuata harufu ya viazi.

Mlango nikaukuta wazi, umelala kwenye ukuta wa nje. Katikati ya kizingiti wameweka kiti.

Kwetu kiti mlangoni hakitaki maelezo. Mwenye duka akienda kuswali hafungi. Huweka kiti, au fagio, akaenda zake. Ukija ukikikuta unangoja, au unarudi. Hata mwizi anakiheshimu. Basi nikangoja. Ndani mlikuwa na giza la ubaridi, feni ikizunguka kama iliyosahauliwa, na rafu zikaenda mbali mpaka zikapotea. Nilisimama pale jasho likinitiririka, nikijiona natembea kati ya rafu zile miguu mitupu, sakafu baridi, hakuna anayeniita. Kisha nikakumbuka mtoto ataamka, nikarudi.

Kesho yake, kiti. Kesho kutwa, kiti. Siku moja nikamwona mwanamume wa ofisini anainua mguu na kukiruka, nikasema moyoni, huyu hakulelewa. Nikirudi nyumbani najilaza kando ya mwanangu, naota rafu zile zimejaa maji na mimi naogelea katikati yake, vitabu vinafunguka na kujifunga kama samaki wanaopumua, na kila nikinyoosha mkono, mkono hauufikii ukurasa.

"Umekipata?" mavyaa huniuliza.

"Walikuwa swalani."

"Hao wana swala ndefu, mwanangu. Watatutangulia peponi."

Wiki zikaenda hivyo. Zikabaki siku mbili kufika usaili, na siku hiyo mtoto akakataa kulala, nikaenda naye. Tulipofika akaniponyoka, akapita chini ya kiti kama kuku, akaingia ndani. Nikabaki nje naita kwa sauti ya chini, mpaka bawabu akatokea, mtu mzima wa bara ya Kilifi, mwanangu mkononi.

"Mama, mbona wasimama juani? Ingia."

"Si mko swalani?"

"Swala gani? Mimi ni mtu wa kanisa."

"Na kiti?"

"Kiti ni cha mlango. Upepo waubamiza."

Nikaingia. Mle ndani, nyuma ya rafu, wamekaa watu tele wanasoma magazeti. Nikaenda moja kwa moja kwa mkutubi aliyekaa mezani, nikamweleza. Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba.

"Dada, saa zetu zimeandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Hatufungi mchana."

"Nionyeshe."

Tukaenda. Akatazama upande wa ndani wa mlango, mbao tupu. Akatazama ule wa nje, umebanwa na ukuta. Nikakiondoa kiti.

"Toka nje," nikamwambia, "usome."

Akatoka. Upepo ukaufunga mlango kwa kishindo, tukabaki ndani mimi na bawabu na mtoto. Kisha sauti ya mkutubi ikapenya mbao, polepole, kama mwanafunzi.

"Maktaba iko wazi," akasoma.

Bawabu akaziba mdomo kwa kofia. Mimi sikucheka.

Kitabu chenyewe hakitoki nje, kinasomewa hapo hapo. Nikasoma jioni ile, mtoto amelala chini ya meza juu ya buibui langu, na kesho yake nikasoma tena. Nikamaliza moyo na mapafu. Kwenye usaili wakaniuliza figo.

Hawakunichukua. Watu wananiambia ni bahati mbaya. Si bahati, ni kibao.

Mwaka huu wameniita tena. Maandishi ya saa yamehamishiwa ukutani, nilisimama hapo mpaka msumari wa mwisho ukaingia. Mlango sasa unazuiwa na jiwe. Kile kiti nimekichukua mimi, nakiweka chini ya feni, na adhuhuri zote nakikalia nasoma figo, mji wote umelala nje.

Jana mama mmoja wa Majengo alisimama kizingitini, mtoto mgongoni, analitazama lile jiwe, anachungulia.

"Wameenda kuswali?" akauliza.

"Hawajaenda popote," nikamwambia. "Ingia."